Umeambiwa ulilipwa zaidi na serikali inataka hela yake? Fanya haya kabla hujarudisha hata mia

Barua ikifika nyumbani inasema mzee alilipwa pensheni zaidi, au mtendaji anamwita bibi anamwambia ile hela ya TASAF (ruzuku ya kaya maskini) ya juzi ilikosewa inatakiwa irudi, watu wetu huku nyanda za juu wanafanya moja kati ya mawili. Kuna wanaokimbia kuuza ng'ombe na mahindi yaliyo ghalani ili wamalize aibu haraka, na kuna wanaoikunja barua wanaiweka chini ya godoro wakisubiri ijisahau. Yote mawili yanaumiza. Wa kwanza analipa deni ambalo pengine halipo au ni dogo kuliko lilivyoandikwa, wa pili anashtukia pensheni imekatwa na akienda kulalamika anaambiwa mbona tulikuandikia hukujibu.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba "ulilipwa zaidi" ni madai, sio hukumu. Na ndani ya hayo madai kuna maswali matatu ambayo ofisi huyafunga kifurushi kimoja na wewe kazi yako ni kuyafungua: kweli hela ilizidi? Ilizidi kiasi gani? Na nani anatakiwa airudishe, kwa utaratibu gani? Unaweza kukubali la kwanza ukakataa la pili, hakuna sheria inayosema ukubali yote au ukatae yote.

Kabla ya yote, usitume hela kwa mtu

Kuna matapeli wanapiga simu kwa wastaafu, wanajua jina, wanajua ulikuwa mwalimu Mbozi au nesi Mafinga, wanakwambia kuna hela imeingia zaidi kwenye akaunti yako tuma nusu kwa namba hii tukufungie faili. Hiyo sio serikali. Hela ya serikali inalipwa kwa kontroo namba, ile ndefu ya tarakimu 12, unalipa benki au kwa simu na jina la taasisi linaonekana kabla hujaweka namba ya siri. Kama jina linalotokea ni la mtu binafsi, acha. Na hata afisa wa kweli kabisa, unayemjua, mnasali naye kanisa moja, akikwambia mpe yeye taslimu atakupelekea, mwambie kwa heshima "naomba kontroo namba mkuu". Akisisitiza, TAKUKURU wana 113, haikugharimu kitu.

Kingine, usisaini kitu cha kukiri deni siku ileile. Maofisini kuna tabia ya kukuwekea karatasi mezani na kalamu juu yake, watu wanapanga foleni nyuma yako, unajikuta umesaini. Kama wanataka saini ya kuonyesha kwamba barua umeipokea, saini, ila pembeni ya saini andika kwa mkono wako: "Nimepokea, sijakubali deni", na tarehe. Maneno matatu tu. Kwa bibi anayetumia dole gumba, aende na mjukuu anayejua kusoma, na karatasi isomwe yote kwa sauti kabla kidole hakijagusa wino.

Omba mchanganuo

Barua nyingi zinataja jumla tu. Shilingi milioni tatu na kitu, basi. Jumla haisaidii, huwezi kuipinga wala kuikubali. Unachoomba ni mchanganuo: mwezi gani mpaka mwezi gani, kila mwezi kililipwa kiasi gani na kilitakiwa kulipwa kiasi gani, kosa lilikuwa wapi, na ni kifungu gani au kanuni gani inawapa nguvu ya kudai au kukata. Huku wewe unachukua steitimenti ya benki ya miezi hiyohiyo (au ya laini ya simu kama hela ilikuwa inaingia kwenye simu) unaziweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni unapitia mstari kwa mstari kwa kalamu. Hapa ndipo mambo hujitokeza. Unakuta mwezi wanaodai walilipa mara mbili, kwenye steitimenti hela iliingia, ikarudishwa siku mbili baadaye na benki, ikaingia tena. Kwao inasomeka malipo mawili, kwako ni moja.

Sasa chanzo cha ziada yenyewe hakifanani, na utetezi wako unategemea chanzo, kwa hiyo niende moja moja.

Kama wewe ndiye mstaafu na wanasema mafao yalikokotolewa vibaya

Hapa watu wanaogopa kwa sababu ya neno kikokotoo (kanuni ya kupigia hesabu ya mafao), wanadhani ni mambo ya wahasibu. Kwa kweli ni hesabu ya darasa la saba, kalkuleta ya simu inatosha. Chukua mtu aliyestaafu kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, kabla ya mabadiliko yaliyotangazwa kwenye bajeti ya 2024 yaliyopandisha mkupuo, ile hela ya mara moja ukistaafu, kutoka asilimia 33 kwenda 40 (kuna kundi lingine la wanachama lilienda 35). Unachukua wastani wa mishahara ya mwaka, ile mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, unazidisha kwa miezi ya utumishi, unagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo ni hiyo mara 12.5 mara asilimia 33. Ya kila mwezi ni asilimia 67 iliyobaki, gawa kwa 12.

Kwa mfano wastani ni milioni moja kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na utumishi ni miaka 35 ambayo ni miezi 420. Pensheni kamili ya mwaka inakuja kama 8,689,655. Mkupuo unakuwa 35,844,828 na ya mwezi 485,172.

Sasa tuseme wanakwambia "tulihesabu mwaka mmoja mara mbili", mathalani ule mwaka uliohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, ukaonekana una miezi 432 badala ya 420. Ile miezi 12 ya ziada inaongeza mkupuo kwa 1,024,138 na pensheni ya mwezi kwa 13,862. Kama umeshalipwa miaka miwili, 13,862 mara 24 ni 332,690 hivi. Jumla yote ni kama milioni moja laki tatu na nusu. Kwa hiyo mtu mwenye mshahara huo akidaiwa milioni tano kwa kosa la mwaka mmoja, hesabu haikai, kuna kitu kingine hawajakisema au kuna sehemu wamezidisha mara mbili, na hilo ndilo swali unaloliandika kwenye barua yako. Weka namba zako halisi halafu uone.

Sehemu zinazoleta utata mara nyingi ni tatu: tarehe ya ajira ya kwanza (barua ya ajira inasema hivi, mfumo unasema vile), tarehe ya kuzaliwa, na mshahara wa mwisho hasa kama daraja lilipanda miezi michache kabla ya kustaafu. Kwa wale wa zamani kuna jambo la ziada: PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilianza 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kwa hiyo kumbukumbu zako zilianzia kwenye mfuko mwingine kabla ya kufika hapo. Tafuta ile barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, na salari slipu za zamani. Najua ziko kwenye begi la kijani juu ya kabati zimeliwa na mende, zitoe. Kama hazipo, omba kopi kwa mwajiri wako wa mwisho, faili lako la utumishi lipo kule, masijala.

Kama mstaafu amefariki na hela iliendelea kuingia

Hii ndiyo inayotokea sana na ndiyo inayoleta ugomvi wa ukoo. Mzee anafariki Kilolo, anazikwa kijijini kwa kibali cha mazishi, matanga yanaisha, hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo RITA wala kuujulisha mfuko. Mfumo haujui msiba. Pensheni inaingia, kadi ya ATM iko kwa mtoto mmoja, anatoa. Wakati wa uhakiki, wastaafu wanapoitwa kuthibitisha wako hai, mzee hatokei, malipo yanasimama, halafu mfuko unapojua tarehe ya kifo unataka hela ya miezi yote iliyopita tangu hapo.

Hapo kupinga kwamba hela ilizidi ni kupoteza muda, pensheni ya mtu aliyefariki haiendelei. Unachoweza kupinga ni kiasi na mdaiwa. Kiasi: tarehe ya kifo kwenye cheti ni ipi na wao wameanza kuhesabu lini, mwezi aliofariki wameuhesabuje, na je akaunti ina salio ambalo halikuguswa? Salio likiwepo libaki hapohapo, hiyo sehemu ya deni inalipika yenyewe bila mtu kutoa mfukoni. Pia uliza kama kulikuwa na mkopo wa wastaafu, maana benki inawezekana ilikata marejesho yake humohumo kila mwezi na hakuna mtu wa familia aliyeiona hiyo hela kwa macho.

Ila benki haitakupa steitimenti ya marehemu hivihivi, wanataka msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe na wahusika wasaini, upelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, msimamizi ateuliwe. Watu wanaona kama ni mlolongo lakini bila huyo msimamizi hakuna mlango utakaofunguka, sio benki sio kwenye mfuko wa pensheni, na hata mafao ya wategemezi yatakwama.

Mdaiwa sasa. Mjane anaambiwa "lipa wewe ndio mke". Kuwa mke sio sababu ya kudaiwa. Deni la marehemu linalipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kupitia msimamizi, na mtoto au mjane halipi kutoka mfukoni mwake kwa sababu tu ya undugu. Na hela iliyotolewa baada ya kifo sio deni la marehemu hata kidogo, marehemu hakutoa, aliyetoa ni mtu mwenye kadi. Familia zinajua ni nani. Kama ni wewe, na ulijua, hapo usijaribu kuandika barua ya ujanja kwamba hukujua, nenda kaongee na mwanasheria kwanza kabla hujaweka neno lolote kwenye karatasi. Mimi huwa nawaambia ndugu mkae mmalizane nyumbani nani alichukua kiasi gani, mwende ofisini na kauli moja, kuliko kwenda mkanyoosheane vidole mbele ya afisa.

Kama mafao ya wategemezi bado hayajalipwa, mfuko unaweza kusema tunakata humo. Omba wakuonyeshe karatasi mbili tofauti, moja ya mafao yenu kamili na nyingine ya makato. Msipokee namba moja iliyokwisha changanywa.

Kama ni TASAF

Huku kiasi ni kidogo ila maumivu ni makubwa zaidi kwa sababu kaya yenyewe haina kitu. Malipo ya mpango wa kunusuru kaya maskini yamepangwa kila baada ya miezi miwili, ila madirisha (vipindi vya malipo) yakichelewa hutokea yakaunganishwa, bibi anapata ya miezi minne kwa mpigo. Mtu akiona kiasi anasema amezidishiwa, kumbe ni malimbikizo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtendaji au kamati: hii ilikuwa ya miezi mingapi?

Swali la pili, hii inayokatwa ni kurudisha ziada, au ni makato ya kutotimiza masharti? Ni vitu viwili tofauti na huku vijijini vinachanganywa. Kaya yenye watoto ina masharti ya kliniki na shule, mtoto wa shule anatakiwa afikishe mahudhurio ya asilimia 80, asipofikisha ruzuku inapungua. Hilo sio deni. Kama mtoto alikuwa anakwenda shule na kwenye fomu ameandikwa hayupo, au alihamia shule ya Chimala kwa shangazi yake na taarifa haikuhama naye, unachotakiwa kutafuta ni barua ya mwalimu mkuu na kopi ya rejista ya mahudhurio.

Tatu, angalia laini. Kama hela inaingia kwenye simu na laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu aliyeko Tunduma, inawezekana mlengwa anadaiwa hela ambayo hata meseji yake hakuiona.

Anzia kijijini kwa kamati na mtendaji, isipoeleweka panda kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, halafu mkurugenzi wa halmashauri, halafu TASAF makao makuu. Kila hatua iwe na karatasi. Mkutano wa kijiji sio mahali pa kujadili deni la bibi wa watu, akiitwa kule asimame mbele ya kijiji kizima, ndugu wakatae kwa adabu waombe kikao cha ofisini.

Barua ya kupinga

Usiandike riwaya. Ukurasa mmoja unatosha, lugha ya kiofisi, hasira iache nyumbani. Mfano huu, badilisha kulingana na mambo yako:

Meneja wa Mkoa,
(jina la mfuko),
Mbeya.

YAH: KUPINGA MADAI YA SHILINGI ……… NA KUOMBA MCHANGANUO

Husika na kichwa cha habari hapo juu na barua yako yenye Kumb. Na. ……… ya tarehe ………

Mimi ni mstaafu mwenye namba ya pensheni ……… Sikubaliani na madai hayo kwa sababu zifuatazo. Kwanza, utumishi wangu ni miezi 432 kama inavyoonekana kwenye barua ya ajira niliyoambatanisha, na sio 420. Pili, malipo mnayosema yalifanyika mara mbili mwezi ……… yalirudishwa na benki, steitimenti imeambatanishwa.

Naomba kupatiwa mchanganuo wa kila mwezi na kifungu cha sheria mnachotumia. Naomba pia makato yoyote yasimame mpaka nitakaposikilizwa na kupewa uamuzi kwa maandishi, kwa kuzingatia Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Hiyo ibara sio mapambo. Katiba ya 1977 inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa, pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Afisa akiiona anajua huyu amejiandaa.

Toa kopi mbili. Moja unaiacha, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa pale masijala, na tarehe, unaondoka nayo. Ukiambiwa "acha tu mzee tutaifanyia kazi", usiache bila muhuri. Kama unaishi mbali, Ludewa au Makete huko, na nauli ni shida, tuma kwa EMS ya posta na risiti utunze. Kopi originali za vyeti usiachie mtu, peleka fotokopi, originali waione warudishe.

Jibu lisipokuja, au likija la hovyo

Andika kumbushio, taja tarehe ya muhuri wa barua ya kwanza. Baada ya hapo panda makao makuu ya mfuko husika, ukiambatanisha zote mbili. Kama tatizo ni kuzungushwa na kutosikilizwa kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, kupeleka lalamiko kwao ni bure, ila hawagusi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo chagua mpangilio wako vizuri. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wapo kwenye wilaya zetu, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri watakuelekeza, na wao kazi ya kuandika barua kama hii wanaijua.

Mahakama ni ya mwisho. Kuishtaki serikali kunahitaji notisi ya siku 90 kwanza na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Mbeya ipo, Iringa ipo, lakini kwa deni la laki nane wakili atakula kuliko deni lenyewe. Kwa mamilioni, au kama wamekata pensheni yote mtu habaki na kitu, hapo inaweza kuwa na maana.

Ukikuta kweli unadaiwa

Inatokea. Umepitia hesabu zote, umekuta hela kweli ilizidi. Usilipe kwa mkupuo ili tu uonekane muungwana. Andika uombe kulipa kidogokidogo na utaje kiwango wewe mwenyewe, usisubiri wapange wao. Eleza unachobaki nacho: pensheni ni kiasi hiki, dawa za presha kiasi hiki, mkopo wa benki unakatwa kiasi hiki, kwa hiyo naweza elfu ishirini kwa mwezi. Ambatanisha kadi ya kliniki na steitimenti. Taja pia kwamba kosa lilikuwa la ofisi na wewe ulipokea kwa nia njema, kama ndivyo ilivyokuwa, maana halifuti deni ila linabadilisha sauti ya mazungumzo. Na kwa wakulima, hakuna ubaya kuomba malipo yaanze baada ya mavuno ya mahindi au viazi, weka mwezi wenyewe.

Kila ukilipa, risiti. Ukimaliza omba barua inayosema deni limeisha, kwa namba ya pensheni yako au ya mlengwa, uitolee kopi mbili, moja akae nayo mtoto anayeaminika. Uhakiki ujao akitokea afisa mgeni akalifufua lile deni kutoka kwenye faili la zamani, unamwekea hiyo barua mezani.